Nati za Mbele za Ardley

Clun, Shropshire
4 Machi 1985

Bwana Pargeter,

Jina lako nimelipata nyuma ya jarida la Chama cha Wenye Magari ya Ardley, palipoandikwa kwamba mwenye gari aliyekwama amwandikie Mshauri wa Ufundi na aambatishe bahasha yenye stempu. Bahasha hiyo hapo.

Nimeachiwa Ardley ya viti viwili, ya kijani, ya mwaka 1957. Imelala bandani chini ya turubai miaka kumi na tisa. Magari siyajui. Kazi yangu ni kushona mapazia. Lakini mikono ninayo na subira ninayo, na sitaki kumkabidhi fundi kabla sijaona kwa macho yangu kila kilichomo. Nianzie wapi? Na magurudumu haya ya spoki, yaliyofungwa kwa nati moja kubwa yenye masikio mawili, hufunguliwaje?

Wako,
Hester Bebb (Bi.)


Kenilworth, Warwickshire
9 Machi 1985

Bibi Bebb,

Kwanza toa mkono kwenye swichi. Hujaniambia kama umejaribu kuiwasha, lakini wote hujaribu na wote hunificha. Injini iliyolala muda huo ukiiamsha kwa nguvu itajikwaruza ndani kabla oili haijapanda, na hapo huna injini tena, una nanga. Toa plagi zote, mimina kijiko cha oili nyepesi katika kila silinda, iache juma zima, kisha izungushe kwa mkono. Ikikataa, rudia. Ikikataa tena, niandikie mimi, usimwite jirani mwenye misuli.

Petroli iliyo tangini imwage mbali na nyumba. Mafuta ya breki yamwage pia, na mipira yote ya breki ihesabu kuwa imekufa, hata ile inayokuonyesha sura nzuri.

Magurudumu: tumia nyundo ya shaba, maana ya chuma itazila nati. Kanuni ni moja kwa kila Ardley na kwa kila upande. Gonga sikio la juu kuelekea mbele ya gari, nati inafunguka. Ligonge kuelekea nyuma, inakaza. Ndiyo maana hesi, ile mikato ambamo nati huzunguka, za kushoto na za kulia zimechongwa kinyume, ili gurudumu likienda mbele lijikaze lenyewe.

La mwisho ndilo kubwa. Sitoi ushauri wa pili bila namba ya gari. Iko kwenye kibati ndani ya boneti, na imegongwa tena kwenye chesi, yaani fremu ya gari, chini ya kiti cha dereva. Nazitaka zote mbili, maana vibati huhamahama. Zilitengenezwa Ardley mia mbili na kumi na mbili tu, na zilizo hai ninazo daftarini moja moja. Ya kijani iliyolala Clun haimo. Mficha maradhi kifo humfichua, na gari ni vivyo hivyo.

B. Pargeter


Clun
12 Machi 1985

Dada Nesta,

Amejibu! Kurasa mbili, mwandiko wa mwalimu mkuu, na ukali wa mtu aliyenyimwa chai. Ndiye. Bernard Pargeter, kaka yake Julian.

Haya unayajua, lakini acha niyaandike, labda nikiyaona kwenye karatasi yataacha kunizunguka kichwani. Desmond alikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi katika karakana ya akina Pargeter. Ijumaa ile ya mwaka 1961 yeye ndiye aliyefunga magurudumu ya Ardley hii. Jumamosi Julian akaenda kwenye mbio za kupanda kilima cha Cleave, gurudumu la mbele la kulia likachomoka, na Julian akafa. Nati ikaokotwa barabarani nyuma huko. Uchunguzi wa kifo ukasema mwanafunzi hakukaza. Desmond alisema aligonga mpaka mkono ukafa ganzi. Nani alimsikiliza? Hakuna karakana iliyomchukua tena, na mume wangu aliyezaliwa kwa ajili ya magari akamaliza maisha yake kwenye tanuri la mikate.

Mwaka 1966 akaliona gari lenyewe kwa muuza vyuma chakavu, akalinunua. Akainyoosha bodi, akaisuka injini, akasema anataka kujua. Kisha Jumapili moja alitoka bandani, akanawa mikono, akasema "Basi," akatupia turubai, asitamke tena neno juu ya gari lile mpaka alipokufa Januari. Na mimi, Nesta, basi ile niliielewa kwa namna moja tu, kwamba amejiona kuwa ndiye mwenye kosa.

Nataka kujua kama Desmond alimuua mtu yule au hakumuua, basi, sina jingine. Ndiyo maana nimetumia jina la kwetu. Akijua mimi ni mke wa nani, atasema linalomfaa yeye. Asipojua, atanieleza gari.

Namba sitampa.

Hester


Machynlleth
15 Machi 1985

Mdogo wangu,

Wewe uliyemwita mume wangu Idris aje kutoka Wales kukubadilishia balbu, leo unasuka injini! Haya, Mungu ni mkubwa.

Namba usitoe hata akikulilia. Watu wa vyama hivi nawajua. Rafiki yake Idris alikuwa na pikipiki ya zamani, alipokufa mshauri wa chama chao alikuja kumpa pole mjane. Alikuja na maua, akaondoka na pikipiki. Wao ndio wa kwanza kusikia kitu gani kimelala kwenye banda la nani. Ukitoa namba Jumatatu, Jumatano yuko mlangoni amebeba keki.

Na kuna jingine silipendi. Karakana ilikuwa yao, gari lao, mbio zao, na lawama ikamwangukia mwanafunzi wao. Kikulacho ki nguoni mwako, Hester. Mwandikie, lakini jicho moja liwe nyuma.

Nesta


Clun
26 Machi 1985

Bwana Pargeter,

Nashukuru kwa maelekezo. Injini imezunguka siku ya kumi, kwa shida, kama mzee akitoka kitini. Mipira ya breki imeoza kama ulivyosema. Magurudumu ya nyuma yote mawili yametoka kwa kugonga kuelekea mbele. Ya mbele bado.

Kibati hakionekani, na chini ya kiti pana kutu. Nitaendelea kupasugua.

Swali moja, la udadisi tu. Ikiwa zamani gurudumu la gari hili liliwahi kuchomoka, mtu akilitazama leo atajuaje sababu? Je, nati isiyokazwa huacha alama?

Hester Bebb


Kenilworth
30 Machi 1985

Bibi Bebb,

Nimejibu barua za watu wa Ardley miaka kumi na minne. Kutu ikifika chini ya kiti, mtu husugua dakika tano na namba inaonekana. Mshona mapazia aliyeweza kuzungusha injini hawezi kushindwa na brashi. Kwa hiyo ama gari si lako, ama wewe si mshona mapazia bali mchuuzi mmoja wa kule Birmingham ambaye nimeshamwambia asiniandikie tena kwa majina ya wanawake.

Nitalijibu swali lako kwa sababu ni la usalama, na usalama simnyimi hata mwizi. Ndani ya gurudumu mna meno, na kwenye habu, ile sehemu gurudumu linapovaa, mna meno yanayoingiana nayo. Nati ikiwa legevu tangu mwanzo, gurudumu hucheza na meno hulika mpaka yanakuwa makali kama ya mbwa. Meno yakiwa mapana na mazima, gurudumu lilikazwa sawasawa lilipoondoka.

Kwa nini unauliza habari za gurudumu kuchomoka? Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu aliye na gari zima.

B. Pargeter


Clun
14 Aprili 1985

Bwana Pargeter,

Mimi si mchuuzi, na kama ungeniona vidole vilivyobanduka ngozi usingesema hivyo. Nakuletea kipande cha pazia ndani ya bahasha. Kikague au kitupe.

Magurudumu ya mbele nimepambana nayo siku tisa. Niligonga sikio la juu kuelekea mbele, kama ulivyoagiza, kushoto na kulia. Hayakutikisika, nikadhani ni kutu. Nikatia mafuta, nikangoja, nikagonga tena. Jana nilikasirika, nikasimama upande wa pili, nikagonga kuelekea nyuma. Nati ikafunguka kwa pigo la tatu. Nikaenda kwenye gurudumu jingine, vilevile. Ya nyuma yanafuata kanuni yako, ya mbele yote mawili yanaipinga.

Meno nimeyaosha kwa mafuta ya taa. Ni mapana na mazima, kushoto na kulia, ndani na nje.

Je, kuna Ardley iliyotengenezwa hivyo?

Hester Bebb


Kenilworth
16 Aprili 1985

Bibi Bebb,

Usiguse kitu. Usifungue habu. Usimwonyeshe mtu yeyote. Nitafika Clun Jumamosi saa tano asubuhi, na habu nitazichukua mwenyewe nikazipime.

B.P.


Clun
21 Aprili 1985

Dada Nesta,

Amekuja. Keki hakuleta.

Tangu ile barua fupi sikulala vizuri. Mtu mwenye kurasa mbili kwa kila swali, leo mistari mitatu? Ijumaa nikamwita fundi wa matrekta, akanitolea habu zote mbili, nami nikazifunga kwenye shuka na kuzitia ndani ya pipa la unga. Banda nikalipiga kufuli.

Saa tano kamili akasimama getini. Nywele nyeupe, koti zuri, mikono mirefu. Nikamwambia kutoka mlangoni, "Ukitaka kuzungumza, zungumza hapo hapo ulipo."

Akasema, "Mama, naomba nilione tu. Dakika moja."

"Ulisema unakuja kuchukua."

"Nilisema kupima."

"Barua ninayo jikoni, Bwana Pargeter. Nikuletee usome ulivyosema?"

Akaushika ule ubao wa juu wa geti, akalitazama banda, Nesta, namna watu wanavyotazama nyumba yenye msiba. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Ni ya kijani toka kiwandani, au ilipakwa baadaye?" Nikamwambia aende zake. Akaenda. Hakubisha hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Kesho namwandikia kwa jina langu.

Hester


Clun
22 Aprili 1985

Bwana Pargeter,

Namba ni 114. Kibati na chesi vinakubaliana. Vilikubaliana tangu mwezi wa tatu.

Mimi ni mjane wa Desmond Quayle. Unamkumbuka. Gari hili alilinunua kwa muuza vyuma chakavu mwaka 1966, akalisuka upya. Uliponiambia kwamba meno mazima maana yake gurudumu lilikazwa, hukujua unamsafisha nani, na sasa hutaweza kuyameza maneno yako, maana nimeyatunza. Mume wangu alikaza.

Sasa niambie kwa maandishi, kwa nini nati za mbele zinafunguka kuelekea nyuma? Na kwa nini uliposikia hivyo ulitaka kuzichukua?

Hester Quayle


Kenilworth
27 Aprili 1985

Bibi Quayle,

Ningepaswa kuijua hila mapema. Familia yangu ilizika mtu kwa ajili ya mumeo, na wewe umenifanya nikufundishe gari alilofia ndugu yangu, sikio kwa sikio, kama mtoto.

Jibu lako ni jepesi. Habu za mbele zimebadilishwa pande, ya kushoto imewekwa kulia na ya kulia kushoto. Zikiwa hivyo, gurudumu linapokwenda mbele linajifungua lenyewe, hata ulikaze namna gani. Ni kosa la mtu anayetoa habu zote mbili kwa pamoja na kuzilaza mezani bila alama. Umesema mwenyewe kwamba gari lilisukwa upya mwaka 1966. Aliyelisuka ni Desmond Quayle. Basi ulizia kosa hilo kwake. Halihusiani na mwaka 1961.

Ushauri wangu wa mwisho: zirudishe pande zake, ufunge jambo hili.

B. Pargeter


Clun
1 Mei 1985

Bwana Pargeter,

Ulinipata. Siku nzima nilikaa nikiamini kwamba Desmond aliziharibu mwenyewe bandani.

Kisha nikaziondoa habu kwenye unga. Unajua kuliko mimi kwamba chini ya ile nati kubwa, ndani kabisa, kuna nati ndogo inayoishika habu, na pini inayoifungia isizunguke. Fundi wa matrekta alipozitoa nilikuwa nimemwangalia. Juu ya kila nati ndogo na pini yake palikuwa na tone la rangi ya manjano, limekauka kama ngozi ya maziwa, limeziunganisha. Alilivunja yeye Ijumaa mbele ya macho yangu. Kabla ya hapo lilikuwa zima, kushoto na kulia. Nusu ya tone ninayo kwenye nati, nusu kwenye pini.

Desmond alinunua majarida yenu ya zamani minadani, yamejaa sanduku. Katika la mwaka 1979, ukurasa wako mwenyewe, umeeleza kwamba wakaguzi wa mbio za Cleave walipita karakanani siku moja kabla, magurudumu yakiwa yametolewa, wakatia tone la manjano juu ya nati ya habu, ili ajulikane atakayeifungua baada yao. Umesema walifanya hivyo mpaka 1961 tu.

Kwa hiyo tangu Ijumaa ile ya 1961 habu hizi hazikuguswa na mtu. Desmond alifunga magurudumu baada ya mkaguzi. Nani alifunga habu kabla yake?

Hester Quayle


Kenilworth
24 Mei 1985

Bibi Quayle,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Zile za kwanza ziko kwenye meko.

Mimi. Nilibadilisha beringi za mbele Ijumaa ile mchana. Nilizitoa habu zote mbili kwa pamoja, nikazilaza mezani bila alama, huku nikisikiliza mchezo wa kriketi redioni. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilijiona najua kila kitu. Mkaguzi alitazama pini, hakutazama hesi. Hakuna aliyetazama.

Uliponiandikia tarehe 14 Aprili nilijua kabla sijaumaliza mstari. Nilikuja Clun kuzichukua. Ungenifungulia, leo zingekuwa chini ya mto Avon na mumeo angebaki muuaji. Kisha nikakuandikia uwongo ule, nikausoma mara mbili kuona kama hauna tundu. Lile tone nililisahau kabisa, mimi niliyeandika ukurasa mzima juu yake.

Kuna jambo ambalo hakuna chuma kitakachokueleza, nami lazima niseme. Wakati wa kufunga magurudumu, mumeo aliniita. Alisema, "Bwana Bernard, mbona huku mbele inakaza kuelekea mbele?" Nilikuwa nasikiliza matokeo. Nikamjibu, "Kaza, acha maneno." Na kwenye uchunguzi wa kifo alianza kulieleza, akasema kulikuwa na kitu hakikukaa sawa upande wa kukazia. Nikasimama, nikasema kijana anatafuta pa kujificha. Mama yangu alikuwa ameketi karibu yangu. Mumeo alimtazama, akaketi. Sikujua wakati ule kwamba nasema uwongo, naapa. Lakini sikwenda kutazama. Miaka ishirini na minne sikutaka kujua gari lilipo, nikajiambia ni kwa uchungu.

Mwanafunzi wa karakana yetu hakuweza kuisuka Ardley nzima asione habu zile. Siku aliyolifunika gari turubai lazima aliiona ile rangi. Alijua ni mimi, na hakuniandikia hata mstari mmoja. Wewe unajua kwa nini?

Ukurasa wangu wa Julai hautakuwa wa ufundi. Nimeuambatisha hapa, wenye majina yote mawili, lake na langu. Usomwe na wewe kwanza. Sikuombi msamaha. Sijui hata ningeuweka wapi.

Bernard Pargeter


Clun
2 Juni 1985

Bwana Pargeter,

Uchapishe kama ulivyo, usipunguze neno. Nakala moja ipeleke kwa gazeti la Ludlow, wao ndio waliomwandika mume wangu kwa herufi kubwa.

Nilikuchukia siku tatu, nikaona chuki yenyewe haiishi, nikarudi kufunga mapazia ya watu. Wewe endelea kuwajibu wenye magari. Mtu anayejua kosa lile kwa kulitenda atawafaa kuliko yule uliyekuwa.

Kwa nini alinyamaza kwako, sijui. Labda ni kwa ajili ya mama yako, asipoteze mwana wa pili. Lakini najua kwa nini alinyamaza kwangu mpaka mwisho, na hili sijamwambia hata dada yangu.

Mwaka 1968 alimfungia binti yetu gurudumu la baiskeli. Nilingoja aingie ndani, nikachukua spana, nikakagua kama amekaza. Nilipoinua kichwa alikuwa dirishani ananitazama. Hapo alijua kwamba simwamini. Tangu siku hiyo, kila alichokifunga, bawaba za mlango, bomba la jikoni, rafu ya vyombo, alinikabidhi spana yeye mwenyewe, akasogea kando, akangoja.

Miaka kumi na saba, Bwana Pargeter. Na kila mara nilikagua.

Hester Quayle